MFUPA ULIOKUFA NDANI YA MGUU

Somo la afya kwa watu wazima, kama lilivyosemwa redioni

Wewe unayesikiliza, na wewe utakayelisoma somo hili likiisha kupigwa chapa, kaa kitako, kisha upandishe nguo yako mpaka gotini. Sifanyi mzaha. Somo la leo linaanza katika mguu wako mwenyewe.

Weka kidole chini ya goti, upande wa mbele, uteremke nacho polepole mpaka kwenye kifundo. Umegusa nini? Umegusa mfupa, na juu yake ngozi tu. Huo ndio mfupa wa muundi, na wengine huuita goko. Kwa mbele na kwa upande wa ndani hakuna nyama yo yote iliyoufunika. Ndiyo maana ukijigonga kwenye mguu wa kitanda usiku machozi hukutoka. Sasa peleka mkono nyuma. Huko iko nyama nene, shavu la mguu. Mwisho, bonyeza upande wa nje, juu kidogo ya kifundo: uko mfupa wa pili, mwembamba, uliofuatana na ule mkubwa toka juu hata chini. Shika mambo haya matatu: mbele mfupa uko uchi, nyuma iko nyama nyingi, na kando uko mfupa mwembamba. Tutayahitaji yote matatu tutakapofika chumba cha kupasulia.

Ugonjwa tunaousema leo ni usaha wa ndani ya mfupa, uliokaa miezi au miaka. Madaktari huuita osteomielaitisi sugu. Jina ni refu, wala hulazimiki kulishika. Sura yake ndiyo uijue, na huenda umekwisha kuiona. Ni mtu mwenye kitundu kidogo kwenye muundi, labda hakipiti ukubwa wa tundu la kifungo. Kitundu hutoa usaha kidogo kidogo. Mara hufunga, na watu wa nyumbani hushukuru. Miezi miwili ikipita mguu huvimba, homa hupanda, mgonjwa halali usiku; halafu kitundu hupasuka tena, usaha hutoka, na maumivu hutulia. Mambo huendelea hivyo miaka 5, miaka 10, hata 20. Mtoto mwenye kitundu hicho hukaa nyuma kabisa darasani kwa sababu ya harufu, na baadaye haendi shuleni tena. Mtu mzima huacha kulima au kuvua. Majirani husema amerogwa, au amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Leo sitabishana na mtu juu ya uchawi. Nitakuonyesha tu kilichomo ndani ya tundu lile.

Kwanza ujue kwamba mfupa si jiwe. Mfupa ulio mwilini u hai, una damu yake. Ndani umo uboho wenye mishipa mingi, na nje umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa mingine. Basi mfupa hulishwa kwa pande mbili, kwa ndani na kwa nje. Ukikosa pande zote mbili, hufa.

Kwa watoto ugonjwa huanza mara nyingi bila jeraha kubwa. Viko vijidudu viitwavyo stafilokoki, ambavyo hukaa puani na katika ngozi ya watu wengi walio wazima. Siku moja huingia katika damu kwa njia ya jipu dogo au mkwaruzo, navyo huchukuliwa mpaka penye damu inayokwenda polepole. Katika mwili wa mtoto mahali hapo ni karibu na ncha za mifupa mirefu, pale mfupa unapokua. Hasa sehemu zinazolizunguka goti. Hapo hukwama, huzaana, na usaha hufanyika.

Sasa fikiri. Jipu la nyama likijaa, ngozi hutanuka. Jipu la mfupa halina pa kutanukia. Usaha unasukumwa ndani ya ukuta mgumu, na msukumo huo unabana mishipa ya damu ya ndani. Halafu usaha hupenya kwa nje na kuubandua ule utando, kama ganda la muhogo linavyobanduliwa. Kipande kile cha mfupa sasa hakipati damu ya ndani wala ya nje. Hufa mahali pale pale kilipo.

Lakini ule utando uliobanduliwa haukufa, nao kwa mtoto una nguvu kubwa ya kufanya mfupa mpya. Huanza kujenga ukuta kukizunguka kipande kilichokufa. Baada ya miezi utakuta mfupa mfu umo ndani, na mfupa mpya uko nje kama ala inavyoshika kisu. Ala hiyo ina matundu yake ya kupitishia usaha, na usaha ukipita huko hutafuta ngozi na kuitoboa. Hicho ndicho kitundu unachokiona kwenye muundi. Ni mdomo tu. Mwili wa ugonjwa uko ndani.

Kwa mtu mzima njia ya kawaida ni nyingine. Amevunjika mguu, na mfupa umetoboa ngozi. Kwa kuwa mbele hakuna nyama ya kuukinga, mfupa wa muundi hutokeza nje kwa urahisi kuliko mifupa mirefu mingine, nao hupata mchanga na matope. Siku hizi katika miji yetu, pikipiki huleta majeraha ya namna hiyo kila siku. Lisiposafishwa sawasawa katika saa za kwanza, na dawa zisipotolewa mapema, vijidudu hujenga makao. Tena mtu aliyewekewa chuma ndani ya mfupa anaweza kupata usaha kando ya chuma hicho.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wengi hupotezea fedha na miaka. Mtu mwenye kitundu huenda duka la dawa akanunua vidonge vya kuua vijidudu. Humeza siku 5, kitundu hukauka, hufurahi. Baada ya muda hurudi. Hununua vingine, vya bei kubwa zaidi. Je, dawa ni mbovu? Sivyo. Dawa husafiri katika damu, na mfupa uliokufa hauna damu. Dawa inafika mpaka mlangoni, ndani haingii. Zaidi ya hayo, vijidudu vilivyokaa juu ya mfupa mfu hujifanyia utando wa utelezi na kujificha ndani yake, hata askari wa damu hawavipati. Dawa inaviua vile vilivyotoka nje kutembea. Vilivyobaki nyumbani vinangoja. Mimi naona mtu akiisha kujua jambo hili moja amekwisha kuelewa nusu ya ugonjwa wote: maadamu kipande kilichokufa kimo ndani, vidonge peke yake haviwezi kuuponya mguu huo. Lazima kitolewe kwa kisu.

Jambo hili lilijulikana kabla ya dawa hizo kuwapo. Nathan Smith, daktari wa kupasua wa Marekani, aliandika mwaka 1827 habari za mifupa iliyokufa na namna ya kuitoboa na kuitoa. Zamani hizo dawa ya usingizi ilikuwa haijaanza kutumika. Mgonjwa alishikwa na watu. Katika vita vya kwanza vya dunia, daktari mwingine wa Marekani, William Baer, aliona askari waliolala siku kadhaa uwanjani vidonda vyao vimejaa mabuu ya inzi. Alipoyaondoa alikuta nyama safi, nyekundu, isiyo na usaha. Miaka kumi na zaidi baadaye aliwatibu kwa mabuu watoto wenye ugonjwa wetu huu. Mabuu hula kilichokufa na kuacha kilicho hai. Lakini wagonjwa wake wengine walipata pepopunda, ikambidi ayatunze mabuu yasiyo na vijidudu. Kwa hiyo usimwache inzi atue kwenye kidonda chako ukasema nimesikia redioni. Penisilini, iliyovumbuliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 na kuanza kutibu watu katika miaka ya 1940, ilipunguza sana vifo vya watoto katika siku za kwanza za ugonjwa. Haikuondoa haja ya kisu katika mguu wenye mfupa mfu.

Nimetaja siku za kwanza, basi nizieleze upesi, kwani mwenye mtoto hawezi kungoja. Mtoto mwenye homa kali, asiyetaka kukanyaga, analia ukimgusa mahali pamoja karibu na goti, hata kama hakuanguka po pote, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asikandwe kwa maji ya moto, asichanjwe, asifungwe majani. Dawa ikianza kupita katika damu kabla mfupa haujafa, na usaha ukitolewa kama umekwisha fanyika, mtoto huweza kupona asibaki na alama. Mwenye ugonjwa wa selimundu aangaliwe zaidi, kwa maana mifupa yake hushikwa kwa urahisi, na mara nyingi vijidudu vyake ni vya namna nyingine, salmonela, vinavyotaka dawa nyingine. Maumivu ya selimundu na maumivu ya usaha hufanana. Mama asikubali kuambiwa ni yale yale ya siku zote kama homa haishuki na mahali pamoja panazidi kuvimba.

Sasa tuje kwa yule ambaye siku za kwanza zimekwisha mpita. Tuseme ni mtoto wa kiume wa miaka 9, ana kitundu kwenye muundi tangu miezi miwili. Baba yake amemleta hospitali, tayari apasuliwe leo. Daktari anatazama picha ya eksrei, halafu anasema, “Bado. Rudini baada ya miezi miwili.” Baba anakasirika, anadhani amefukuzwa au anatakiwa atoe kitu.

Hapana. Daktari anangoja ala. Kipande kilichokufa, ingawa kimekufa, bado kinafanya kazi ya kijiti kilichoshikilia mguu. Akikitoa kabla mfupa mpya haujawa imara, mguu utabaki bila mfupa katikati, nao utapinda kama mpira. Katika picha mfupa mfu huonekana mweupe kuliko ule ulioko kando yake, kwa sababu mfupa hai uliouzunguka umepunguza chokaa yake, nao mfu umebaki na yake yote. Daktari hupiga picha mbili, moja toka mbele na moja toka ubavuni. Katika picha hizo mbili huhesabu kuta nne za ala. Madaktari wengi hungoja mpaka kuta tatu katika hizo nne zimeungana bila kukatika. Huchukua miezi kadhaa. Katika muda huo mguu hutiwa plasta ngumu usivunjike, usaha ukijaa hutolewa, na mtoto hulishwa maharage, dagaa, mayai na maziwa, kwa kuwa mtoto aliyekonda hajengi mfupa. Kungoja huku ni matibabu. Ningependa kila daktari amweleze mzazi kwa maneno hayo, asimwambie “rudini” tu, na mzazi naye aulize, “Tunangoja nini?” Ni haki yake. Mtu mzima, kwa upande wake, hangoji hivyo, kwa sababu utando wake haujengi ala kama ya mtoto.

Kabla ya kupasua, daktari huweza kumwambia mgonjwa aache dawa za vijidudu kwa majuma mawili hivi, kama hana homa. Wengine hushangaa. Sababu ni kwamba atakata vipande vidogo kutoka ndani ya mfupa, mara nyingi vitano au zaidi, avipeleke maabara ili vijidudu vioteshwe na kujulikana ni vya namna gani na dawa gani inaviweza. Vikiwa vimelewa dawa ya jana, havioti, na daktari atatibu kwa kubahatisha. Usaha uliofutwa mdomoni mwa kitundu hautoshi, maana mdomoni huwapo vijidudu vya kila aina ambavyo ndani havimo. Pia hupimwa damu, sukari, na ugonjwa wa selimundu. Kifua kikuu nacho huingia mifupani, na huwezi kukitambua kwa macho.

Siku ya kupasuliwa mgonjwa hulazwa usingizi, au huchomwa sindano ya mgongoni inayoua maumivu toka kiunoni kwenda chini. Mkanda wa mpira hukazwa pajani ili damu isijaze mahali pa kazi. Madaktari wengine huingiza maji ya rangi ya buluu katika kitundu. Kila mahali usaha ulipopita hugeuka buluu, na njia zake zote huonekana. Kisha ngozi hufunguliwa, njia ile ya usaha hukatwa yote, na dirisha hutobolewa katika mfupa mpya kwa patasi na nyundo ndogo, au kwa keekee. Naam, patasi na nyundo. Ukipita nje ya mlango utadhani uko kwa seremala. Kipande kilichokufa hutolewa. Huwa cha manjano au cheupe, kikavu, kingo zake zimeliwa liwa, na ukikigonga chalia kama kigae. Pengine urefu wake ni kama kucha, pengine ni kama mkono wa kijiko. Ndicho kilichokuwa kikimla mtu huyu miaka yote.

Kazi haijaisha. Kuta za pango lile hukwanguliwa kwa kijiko chenye ukingo mkali mpaka mfupa wenye afya. Daktari atajuaje kwamba amefika? Mfupa mfu hautoi damu. Mfupa hai ukikwanguliwa hutoa vitone vidogo vyekundu, mfano wa pilipili ya unga iliyonyunyizwa juu ya embe bichi. Akiviona, husimama. Akisimama mapema ameacha mbegu ya ugonjwa. Akikwangua mno mguu utavunjika. Hapa hakuna kitabu kinachomsaidia, ila macho na mkono wake, na ndiyo sababu nasema kazi hii ifanywe na mwenye kuizoea. Halafu pango huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyo safi, lita kadhaa.

Sasa limebaki pango, nalo pango tupu hujaa damu, na damu iliyosimama ni chakula cha vijidudu. Lazima lijazwe. Wako wanaotia shanga ndogo za saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa, aina ya gentamisini, zilizotungwa katika uzi wa chuma. Dawa hutoka ndani yake polepole, nyingi pale pale penye haja, kuliko ile inayoweza kufikishwa na damu. Baadaye shanga hutolewa. Ziko pia za namna ya chokaa ambazo huyeyuka zenyewe. Lakini kitu kizuri sana cha kujazia pango ni nyama iliyo hai yenye damu yake, na hapa ndipo tunapokumbuka lile shavu la mguu.

Nyama ya shavu la mguu inapata mshipa wake mkubwa wa damu kwa juu, karibu na goti. Basi daktari anaweza kuikata kwa chini, akaacha ule mshipa wa juu, akaizungusha na kuilaza mbele juu ya pango. Kwa tundu lililo karibu na goti hutumia nyama ya nje ya shavu. Kwa tundu la katikati ya muundi hutumia nyama iliyo chini ya hiyo. Nyama hii huleta damu, damu huleta dawa na askari wa mwili, na pango halipo tena. Juu yake hupandikizwa ngozi nyembamba iliyotolewa pajani. Mgonjwa bado atatembea, kwa kuwa shavu la mguu lina nyama zaidi ya moja za kazi hiyo.

Taabu iko theluthi ya chini, karibu na kifundo. Huko nyama za nyuma zimekwisha geuka kano, hakuna cha kuzungusha. Daktari huweza kuteremsha ngozi ya nyuma ya mguu pamoja na mishipa yake. Au, penye vyombo, hukata nyama mahali pengine pa mwili na kuishona mishipa yake kwa mishipa ya mguu chini ya darubini, kwa uzi usioonekana vizuri kwa macho. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na hospitali zinazoiweza ni chache. Kwa upande wetu wa Afrika ya Mashariki, Uganda iko hospitali ya CoRSU huko Kisubi, iliyofunguliwa mwaka 2009, inayojulikana kwa kupasua mifupa ya watoto yenye usaha. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996. Hospitali ya wilaya yako ndiyo itakayokuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Na kama mfupa mwingi umekufa, hata likabaki pengo? Mwaka 1905 daktari wa Marekani, Huntington, alieleza njia ambayo inatumika mpaka leo, hasa kwa watoto. Ule mfupa mwembamba wa kando, uliokuwa ukikaa kivulini, husogezwa na kushikizwa mahali pa mfupa mkubwa. Mtoto akianza kuukanyaga, mfupa huo hunenepa mwaka hata mwaka, mpaka unaweza kubeba mwili. Sijui kitu katika elimu ya mifupa kinachonipendeza kuliko hiki.

Njia ya pili ilitoka mbali, mji wa Kurgan katika Siberia. Daktari Gavriil Ilizarov, katika miaka ya 1950, alianza kuwatibu watu kwa pete za chuma zinazouzunguka mguu, zilizoshikwa na mfupa kwa nyaya nyembamba zilizokazwa. Aligundua kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu ukivutwa polepole, hufanya mfupa mpya katika nafasi inayofunguka. Kipimo ni milimita 1 kwa siku, mara nyingi kwa mafungu manne, mgonjwa mwenyewe akizungusha nati kwa spana ndogo. Basi pengo la sentimita 6 huchukua siku 60 za kuvuta, na baada ya hapo miezi mingine ya kungoja mfupa mpya ugeuke mgumu. Nchi za magharibi hazikuyajua mambo haya vizuri mpaka mwaka 1980, alipokwenda Kurgan Mwitalia mmoja mpanda milima, Carlo Mauri, aliyekuwa na mguu uliovunjika miaka mingi usipone. Aliposafiri baharini katika mashua ya Ra alikuwa pamoja na daktari wa Kirusi, Yuri Senkevich, naye ndiye aliyemwongoza huko. Alirudi kwao anatembea vizuri, na madaktari wa Italia wakamwalika Ilizarov awafundishe. Pete hizo si raha. Matundu ya nyaya yasafishwe kila siku, na usiku huwezi kugeuka upendavyo. Lakini watu wengi waliokuwa wakatwe mguu wamebaki nao kwa njia hiyo.

Baada ya kupasuliwa, dawa za vijidudu huendelea, kwa kawaida majuma 6 hivi, zile zilizochaguliwa maabara. Zamani ilidhaniwa ni lazima zipite mshipani muda wote huo. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi wa Uingereza wa wagonjwa 1,054 wenye usaha wa mifupa na viungo. Nusu walipewa dawa za mshipani na nusu vidonge, kwa majuma 6 ya kwanza. Baada ya mwaka, ambao matibabu yao yalishindwa walikuwa karibu 15 katika kila 100 upande wa sindano, na 13 upande wa vidonge. Hii ni habari njema kwa mtu anayekaa mbali na hospitali. Lakini usiichukue kipande. Wengi sana wa wagonjwa hao walikuwa wamekwisha kupasuliwa na kusafishwa, na vidonge vyao vilichaguliwa na wataalamu. Si vidonge vya dukani vya siku 5.

Angalia pia hesabu hiyo yenyewe: hata kwa kazi nzuri, wako ambao ugonjwa huwarudia. Mvuta sigara huwa katika hatari zaidi, kwa kuwa tumbaku hubana mishipa midogo. Kadhalika mwenye kisukari kisichotunzwa. Aliyepona aonwe na daktari kwa muda mrefu, miaka si miezi. Mtoto apimwe urefu wa miguu, kwani sehemu ya kukulia ya mfupa ikiharibika mguu mmoja hubaki mfupi. Kiatu chenye soli nene husaidia, au baadaye pete zile zile za Ilizarov.

Ataniuliza mtu, “Mimi nina kitundu miaka 20, nimekizoea, hakiniumizi. Kwa nini nikatwe?” Ni swali la haki. Mzee mwenye moyo dhaifu na kitundu kikavu, daktari mwenyewe anaweza kumwambia kaa nacho, funga kitambaa safi. Lakini kitundu kilichokaa miaka mingi huweza kugeuka saratani ya ngozi. Dalili zake ni harufu iliyobadilika, damu, maumivu mapya, au nyama inayoota kama ua la koliflawa mdomoni mwa tundu. Ukiona hayo usingoje hata juma moja. Kikatwe kipande kipimwe. Hapo pengine hakuna budi mguu ukatwe, na mguu wa bandia uliotengenezwa vizuri, chini ya goti, humrudisha mtu shambani.

Jambo la mwisho ni dogo. Mara nyingine kipande cha mfupa mfu hutoka chenyewe kitunduni, na baadaye kitundu hufunga kabisa. Watu hukitupa kwa hofu, au hukizika. Usikitupe. Kioshe, kifunge katika kitambaa, umpelekee daktari pamoja na mgonjwa. Atakilinganisha na kile alichokiona katika picha ya kwanza, apige picha nyingine, ajue kama kimetoka chote au kimevunjika na kingine kimebaki ndani.

Juma lijalo, saa ile ile, tutasema juu ya kuungua moto kwa watoto jikoni. Kwaherini.